Usiku wa Laki Tisa na Nusu

Dereva alisinzia katikati ya maneno yake mwenyewe.

Alikuwa anaeleza jinsi lori lilivyoacha lami. Akafika pale pa "nikasikia," kidevu kikamshukia kifuani, na chumba cha mahojiano kikajaa mkoromo. Mkoromo ukapanda, ukazidi kupanda, halafu ukakatika ghafla kama redio iliyochomolewa ukutani. Mpelelezi akainua macho kwenye saa. Mshale wa sekunde ulitoka kwenye mbili ukafika kwenye kumi, na yule mtu hajavuta pumzi. Kisha akashtuka, akameza hewa kama aliyetolewa kisimani, akaendelea pale pale alipoachia.

"...nikasikia mabati. Ndipo nikafungua macho, afande."

"Umelala," mpelelezi akamwambia.

"Sijalala. Nimepumzisha macho."

Askari wa mlangoni akachekea puani. Mpelelezi hakucheka. Kituo kizima kilimwita Shangazi, kuanzia mkuu wao mpaka anayepika uji wa mahabusu, na katika miaka yake thelathini na moja ya kazi alishaona watu wakijifanya wamelala, wagonjwa, vichaa, mmoja alijifanya amekufa. Huyu hakuwa anajifanya chochote. Hakuna mwigizaji anayebana pumzi mpaka midomo inabadilika rangi.

Dereva huyu wenzake walimpa jina la Ngurumo, na sasa Shangazi alijua kwa nini.

Mambo yenyewe hayakuwa na ubishi. Ijumaa, saa nane mchana, Ngurumo akiwa na tani ishirini na nane za saruji aliacha barabara iliyonyooka kama rula, akapanda juu ya kibanda cha fundi viatu. Fundi viatu alikufa kiatu cha mteja kikiwa bado mkononi. Ngurumo hakukana. Kilichobaki ni jambo moja tu, na jambo hilo ndilo lililobeba maisha yake: je, alijua kwamba ni mgonjwa? Kama hakujua, hiyo ni ajali, na hakimu ataipima kama ajali. Kama alijua, akashauriwa apimwe, akakataa, kisha akashika usukani, ni miaka kumi gerezani. Na karatasi ya Kliniki ya Usingizi, iliyokuwa juu kabisa ya faili, ilisema amekataa. Kesi ilikuwa inasomwa kesho, saa tatu asubuhi.

Shangazi akaisoma tena, safari hii kwa sauti.

"'Kipimo cha nyumbani kimeshindikana. Kibanio cha kidole kilichomoka kwenye kidole cha shahada, mkono wa kushoto, dakika mia moja baada ya kuanza. Mgonjwa ameshauriwa kulala maabara usiku mmoja. Mgonjwa amekataa.' Ulikataa?"

"Nilikataa nini, afande? Nilimwambia daktari sina. Kile kiboksi cha kwenda nacho nyumbani kililipiwa na kampuni, elfu tisini. Kulala kwenye kitanda chao ni laki tisa na nusu, na hiyo najilipia mwenyewe. Mshahara wangu laki mbili na nusu. Yaani nilale usiku mmoja, niamke nimeshakula karibu miezi minne."

"Karatasi inasema umekataa."

"Basi na ghorofa nimekataa. Na ndege nimekataa kununua."

Shangazi akamsogezea maelezo yake atie sahihi kila ukurasa. Ngurumo akashika kalamu kwa mkono wa kulia, wa kushoto akaukandamizia karatasi isiteleze. Ukurasa wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu Shangazi akaweka kidole chake juu ya mkono ule wa kushoto, asiuache uondoke.

Palikuwa na dole gumba, halafu kishina kilichokunjamana, halafu kidole cha kati.

"Hiki kiko wapi?"

"Kilibaki kwenye mnyororo wa kufungia mzigo. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi." Ngurumo akautazama mkono wake kama wa jirani. "Mke wangu hajawahi kukiona."

Shangazi akarudi kwenye karatasi ya kliniki. Kidole cha shahada, mkono wa kushoto. Akafunga faili na kuchukua mkoba wake.

* * *

Mke wa Ngurumo alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa barazani mwa duka la vitambaa, kati ya mlango na ndoo ya maji. Alikuwa akishona kola za sare za shule. Shangazi alipojitambulisha, mguu wa yule mama haukuacha kukanyaga.

"Nakusikiliza, dada yangu. Nikisimamisha mashine nitalia, na hizi kola zinatakiwa leo."

"Nieleze ule usiku wa kiboksi."

"Kile kidude tulikivaa wote wawili, tuseme hivyo. Yeye mwilini, mimi machoni. Mkanda wa kifuani, mrija wa puani, na kile cha kubana kidole. Kwanza yule bwana wa vipimo alitaka kumvisha cha shahada, akakuta hakuna. Akacheka, akasema huyu kidole ameshastaafu, tumwite wa pete. Mimi nyumbani nikazungusha plasta juu yake mara tatu, maana namjua mtu wangu anavyojipindua."

"Kilichomoka?"

"Asubuhi nilikitoa kwa mkasi."

"Unajuaje kwamba kilikuwa kinafanya kazi?"

"Kina taa. Tulielezwa, kijani kinanasa, nyekundu kimepoteza. Nikakaa nayo mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Kijani." Akageuza kola, akaendelea. "Usinione hivi. Mimi na mume wangu tunalala kwa zamu mwaka wa kumi na tisa sasa. Yeye analala, mimi namgutua akiacha kupumua. Mama yake alinikabidhi kazi hiyo nikadhani ananitania."

Shangazi akaandika, akangoja.

"Majibu yalipokuja kwamba kimeshindikana," yule mama akasema, "nilikwenda mwenyewe kwa daktari. Nikamwambia, elfu tisini tutachanga, naomba turudie kile cha nyumbani. Akaniambia vifaa vimeharibika. Nikauliza vyote? Akasema vyote, mama, ila kitanda kipo. Nikamuuliza, kitanda hicho mtu analalia nini mpaka kifike laki tisa? Akaita mlinzi."

Hapo mguu ukasimama. Cherehani ikanyamaza, na kelele za mtaa zikaingia barazani.

"Watamfunga?"

"Kama hii karatasi ni ya kweli, ndiyo."

"Mimi siombi aachiwe. Yule fundi viatu alikuwa na watu wake, na mimi nimekwenda msibani nikakaa chini kama wengine. Ila mwandikieni kwamba hakukataa. Kama ni kumfunga, afungwe kwa kosa lake, asifungwe kwa umaskini."

* * *

Kabla ya saa sita Shangazi alikuwa ameshapata hati ya upekuzi, na saa sita na nusu alikuwa amesimama katika chumba kisafi kuliko vyote alivyowahi kupekua. Pazia zito, kitanda kipana, shuka zilizopigwa pasi mpaka kona, na kichwani mwa kitanda fungu la nyaya za rangi zilizosukwa vizuri kama nywele za bibi harusi.

Daktari, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye kliniki, alimtembeza mwenyewe. Alikuwa mtu mtaratibu, mwenye sauti ya kulaza watoto.

"Nyaya ishirini na mbili, mama. Kichwani, machoni, kidevuni, miguuni. Kiboksi cha nyumbani kinaona pumzi na hewa iliyomo kwenye damu, basi. Hakijui hata kama mtu kalala au anatazama dari. Kinaweza kumwambia mgonjwa kwamba ni mzima."

"Na kikimwambia kwamba ni mgonjwa?"

"Samahani?"

"Umesema kinaweza kukosa ugonjwa uliopo. Nauliza kinaweza kuzua ugonjwa usiokuwepo? Mtu mnene, shingo kama gogo, anakoroma, anasinzia mchana. Kiboksi kikisema pumzi zinakatika, kinadanganya?"

Daktari akanyoosha shuka ambayo haikuwa na mkunjo.

"Kwa mtu wa namna hiyo, mara nyingi kinakuwa sahihi."

"Kwa hiyo kwake elfu tisini ilitosha."

"Kama kingefanikiwa. Hakikufanikiwa. Mama, bei ya hapa siiokoti barabarani. Kuna mtaalamu wa kukesha, kuna mashine, kuna jenereta."

"Sibishani na bei ya kitanda chako. Kuna wanaokihitaji kweli, na walipe. Nataka kujua nani aliandika hii." Akampa ile karatasi.

"Bwana wa vipimo. Yeye ndiye anayevisha na kusoma." Daktari akashusha sauti kidogo. "Na kwa kuwa umekuja na hati, nikwambie tu. Huyo bwana ana mkono mwepesi. Betri zilikuwa zinapotea humu kila wiki. Kiboksi kikienda kwa mgonjwa na betri iliyochoka, utapata majibu gani? Nilikuwa nataka kumfukuza tangu mwaka jana."

Ilikuwa njia nzuri, iliyofagiliwa. Shangazi akaifuata kwa sababu upelelezi ni kufuata kila njia, hata ile unayoonyeshwa kwa kidole.

Bwana wa vipimo alikuwa na chumba kisichozidi kabati, meza moja na kompyuta moja. Alikuwa mtu mzima, miwani yake imefungwa kwa uzi. Shangazi akafungua droo ya chini na kukuta kopo la maziwa ya unga limejaa betri.

"Za nani?"

"Zangu." Hata hakujitetea. "Sheria ni kwamba kila mgonjwa anawekewa mpya, hata kama ya zamani imetumika usiku mmoja tu. Zile zinazotoka wanasema tutupe. Mimi situpi kitu kizima. Nyingine zinakwenda kwenye redio yangu, nyingine kwenye tochi ya mama mkwe, na tangu nianze kumpelekea ameacha kuniita yule mtu."

"Daktari anasema unawawekea wagonjwa zilizochoka."

Yule bwana akachukua betri moja juu, akaichomeka kwenye kipimo kidogo cha umeme. Mshale ukapanda hadi juu ya nusu na kukaa.

"Hii imetoka. Imeshafanya usiku mzima, na bado. Mpya ingekufa dakika ya mia moja?"

Basi njia iliyofagiliwa ikaishia ukutani. Shangazi akamwekea ile karatasi juu ya meza.

"Umeandika wewe?"

Akasoma polepole, midomo ikitembea. Alipofika kwenye kidole akavua miwani.

"Huyu hana hicho kidole. Ni mimi niliyemvisha. Nilimwambia..."

"Kwamba kimestaafu. Najua. Sasa nionyeshe barua zenyewe zinapotoka."

Alisita. Akatazama mlango, akatazama hati ya upekuzi, akavuta kiti. Kwenye kompyuta kulikuwa na barua moja iliyoandikwa tayari, nafasi ya jina imeachwa wazi. Kidole cha shahada, mkono wa kushoto, dakika mia moja, ameshauriwa, amekataa. Kampuni ya malori ilikuwa imeleta madereva wanane. Barua zilikuwa nane. Wawili walikwenda kukopa, wakalala kitandani, na kwao neno la mwisho likabadilishwa kuwa "amekubali". Sita walikuwa wamekataa.

"Watu wanane," Shangazi akasema, "kidole kimoja, dakika zile zile mia moja."

"Afande, mimi navisha, nachomeka kwenye kompyuta, namkabidhi. Barua zinatoka kwake."

"Na ulipoona zinatoka hivyo?"

"Nilimfuata. Nikamwambia daktari, wale watu usiku wao ulikuwa kamili, nimeuona. Akaniambia nje kuna watu kumi wanakitaka kiti changu, na wote wana macho mazima kuliko yangu."

"Ukakaa."

"Nikakaa," akasema. Shangazi alikuwa na hasira ya kutosha kuwagawia wote wawili, ila alijua kubwa iende wapi.

"Zile kumbukumbu zenyewe za kipimo, mistari iliyonaswa, ziko wapi?"

"Alizifuta kwenye kompyuta, mbele yangu."

"Na kwenye kiboksi?"

Bwana wa vipimo akaanza kuhesabu kimoyomoyo, Shangazi akaona kidole gumba kikigusa ncha za vidole vingine kimoja kimoja.

"Kiboksi hakifutwi kutoka hapa," akasema taratibu. "Chenyewe kinatunza siku thelathini za kuvaliwa. Ya thelathini na moja ikiingia, inaifuta ya kwanza. Zamani kisingekuwa na kitu, kilikuwa kinatoka kila siku, watu wanapanga foleni. Lakini baada ya wale madereva alikataza kisitoke. Kila anayekiuliza aambiwe vimeharibika, apewe kitanda. Kiko kabatini, kimebandikwa karatasi."

"Tangu wale madereva hakijavaliwa na mtu?"

"Hakuna hata mmoja."

Shangazi alihisi kitu kikimpanda kifuani, karibu kicheko. Mtu kafuta mlango, kafuta sakafu, kafuta dirisha, kisha kwa tamaa yake ya kuuza kitanda akaifungia ndani ile nakala moja ambayo wateja wenyewe wangemfutia bila yeye kunyanyua mkono.

Kabati lilifunguliwa mbele ya askari wawili na kuandikwa. Kiboksi kilikuwa kidogo kama sabuni ya kufulia. Juu yake karatasi yenye neno KIBOVU, kwa mwandiko wa daktari. Bwana wa vipimo akachukua betri mbili kutoka kopo la maziwa, akazisukuma ndani. Kikawaka kijani.

Za mwisho kunaswa zilikuwa siku nane za madereva, kila moja na tarehe yake. Siku mbili kweli zilikatika mapema, yaani kibanio kilichomoka kwa haki, inatokea. Sita zilikuwa kamili. Katika hizo sita, watatu walikuwa wazima au karibu. Bwana wa vipimo akafika kwenye siku ya tano, usiku uliotangulia tarehe ya karatasi ya Ngurumo, akageuza kioo upande wa Shangazi.

"Nisomee. Mimi si daktari."

"Saa sita na dakika hamsini za kipimo. Pumzi imekatika mara arobaini na saba kila saa. Ikizidi thelathini tunaita mbaya sana. Mkato mrefu kuliko yote, sekunde sabini na tatu." Akafuta miwani kwa shati. "Huyu hakufaa kupewa hata baiskeli."

"Na huu mstari wa chini?"

"Saa kiboksi kiliposomwa hapa ofisini. Kesho yake, saa nne na robo asubuhi."

Barua ya kushindikana, kwa mhuri wa karatasi iliyokuwa kwenye faili la Ngurumo, iliandikwa siku hiyo hiyo saa tano. Miezi saba kabla ya fundi viatu.

* * *

Daktari aliusikiliza mlolongo wote akiwa amekaa nyuma ya meza yake, mikono imekutana.

"Kipimo cha nyumbani si cha kutegemewa," akasema. "Vitabu vyote vinasema hivyo."

"Vizuri. Kama hakitegemewi, kwa nini ulikitoza elfu tisini mara nane?"

"Kampuni ndiyo iliyolipa."

"Hukunijibu. Na kile kidole?"

"Kosa la uandishi."

"Mara nane."

Daktari akavuta pumzi, na akabadili sauti, akawa mtu mwenye akili anayezungumza na mwenye akili mwenzake.

"Mama, tuwe wakweli. Hata ningempa yale majibu, angefanya nini nayo? Matibabu yenyewe ni mashine ya kupulizia hewa, anavaa kila akilala. Laki tisa imemshinda, hiyo mashine ya milioni mbili angeitoa wapi? Ningemwongezea huzuni tu."

Shangazi alikuwa ameshika mkataba wa bima wa kampuni ya malori. Aliupata katika faili la kliniki yenyewe, umetobolewa matundu mawili na kutunzwa vizuri. Akausoma ukurasa wa nne bila haraka.

"'Dereva atakayethibitika kuwa mgonjwa kwa kipimo chochote cha kitaalamu, cha nyumbani au cha maabara, atanunuliwa mashine na bima.' Cha nyumbani au cha maabara. Sahihi hii hapa ni yako, daktari. Ile karatasi ya elfu tisini ndiyo iliyokuwa mashine yake. Ulikuwa umeishika mkononi saa nne na robo. Ukaifuta, ukamwonyesha kitanda, ukangoja auze kiwanja."

"Alikuwa na uamuzi wake. Sikumlazimisha mtu."

"Aliyenyimwa majibu yake akaonyeshwa bei hana uamuzi wowote. Halafu ukaandika 'amekataa'. Hapo ndipo uliponiudhi, nikwambie. Wizi nimeuzoea, ndio unaonilisha. Lakini umemwibia mtu pumzi yake, halafu ukamwandikia barua kwamba ni yeye aliyeitupa, na barua hiyo kesho ilikuwa impeleke gerezani miaka kumi." Akamwashiria askari. "Chukua koti lako. Kule kwetu shuka hazipigwi pasi, lakini hatukutozi."

* * *

Saa kumi alasiri mkuu wa kituo alimkuta Shangazi mezani kwake, kalamu mkononi.

"Shangazi, lile faili la lori. Mwendesha mashtaka ananiuliza kama limekwisha."

"Limekwisha nusu. Hii nusu ya 'alijua akakataa' nimeifuta. Nimeambatanisha kiboksi, barua nane na mkataba."

Mkuu akasoma akiwa amesimama. Alipomaliza akavuta kiti akakaa, akasoma tena. "Lipeleke kama ulivyoandika," akasema, na akaondoka bila kuaga.

Ngurumo aliletwa kutoka mahabusu. Shangazi akamweleza yote kwa maneno mafupi, kama mtu anavyochomoa mwiba. Arobaini na saba kwa saa. Sekunde sabini na tatu. Shtaka limebadilika, miaka kumi haipo tena. Kesho hakimu ataelezwa kwamba alikuwa mgonjwa na alifichwa.

"Walijua lini?"

"Kesho yake. Saa nne na robo asubuhi."

Ngurumo akatikisa kichwa polepole.

"Saa nne na robo nilikuwa hapo hapo kwenye benchi lao, afande. Nilikuwa nangojea majibu. Daktari akatoka, akanipa mkono, akasema pole sana, mzee, bahati mbaya." Alitazama mkono wake wa kulia, ule uliopewa. "Nikamshukuru."

Yule dereva akajifuta uso kwa bega.

"Pale mlipofuta, msifute na fundi viatu. Yeye abaki. Nilimuua mimi."

"Amebaki."

"Haya." Kisha, kama mtu aliyeguswa mgongoni, akanyanyua kichwa. "Tulikuwa wanane. Wengine mmewaona?"

"Kiboksi hakina majina, kina tarehe, na nakala za barua za wengine zina majina bila tarehe. Mbali na wewe kuna wawili wabaya. Siku ya pili na siku ya saba."

"Siku ya pili ni shemeji yangu. Huyo aliacha kazi, anafuga kuku, akisinzia atadonolewa tu." Akafikiri. "Siku ya saba... mimi nilikirudisha, akachukua mpwa wa bosi, halafu Mzee Taratibu. Wa saba ni Mzee Taratibu. Alikataa kukopa. Alisema nisipolala bure sitalala kwa pesa."

"Ana hamsini na mbili kwa saa. Yuko wapi leo?"

Ngurumo akatazama dirishani, kimo cha jua.

"Leo ni zamu ya mafuta. Saa hizi anateremka mlima na tangi la petroli."

Shangazi akawa ameshachukua simu. "Namba."

Akaitaja kwa kichwa. Simu iliita mara nne, ya tano, ikapokelewa, na mezani pakajaa mngurumo wa injini.

"Nani mwenzangu?" Sauti ya mzee, nzito, ya mtu aliyetolewa mbali.

"Mimi ni mpelelezi wa polisi. Mzee, naomba upaki pembeni."

"Polisi wa wapi wa kunisimamisha kwa simu? Nina mzigo, mama. Nimechelewa."

Ngurumo akanyoosha mkono. Shangazi akampa.

"Mzee Taratibu. Ni mimi, Ngurumo. Paki."

"Wewe si uko ndani?"

"Niko ndani. Paki gari, mzee wangu. Hapo hapo ulipo, usingojee penye kivuli. Zima."

Injini ikaendelea. Shangazi akashika ukingo wa meza. Askari wa mlangoni alikuwa ameingia hatua mbili bila kuitwa. Walisikiliza gia ikishuka, ikashuka tena, changarawe ikasagika chini ya matairi kwa muda mrefu kuliko walivyotaka, kisha pakawa kimya, upepo tu unaopiga kwenye simu.

"Haya, nimezima," Mzee Taratibu akasema. "Niambie, kijana. Nimekosa nini?"

Ngurumo alimtazama Shangazi, na Shangazi akamwitikia kwa kichwa.

"Hujakosa kitu, mzee," akasema. "Majibu yako yalitoka."